Nani Amekula Nafasi? Historia Fupi ya Kutafuta Kilichojaza Diski

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwasimulia historia ya swali moja ambalo kila mwenye tarakilishi amewahi kuliuliza, na wengi wetu huliuliza tukiwa tumechelewa: diski imejaa, sasa ni nini kimeijaza?

Swali lenyewe linaonekana la kawaida sana. Ukimwuliza fundi wa mtaani atakuambia "futa futa vitu". Mimi mwenyewe, pamoja na masomo yangu yote ya programu, nilikuwa na mawazo hayo hayo. Mwaka 2006 nikapata funzo.

Kisa cha Nakuru

Nilikuwa naitunza programu ya mauzo ya duka moja la jumla mjini Nakuru. Wanauza mabati, saruji, misumari na rangi. Seva yao ilikuwa tarakilishi ya kawaida tu, diski ya GB 40, imewekwa chini ya meza ya mhasibu. Jumamosi moja asubuhi nikapigiwa simu: mashine imekataa kuhifadhi mauzo, inasema diski imejaa, na wateja wamepanga foleni hadi nje.

Nilipofika nilijiona daktari. Nikafungua programu ya kuchunguza diski, nikasubiri, na ikanionyesha mstatili mmoja mkubwa uliomeza zaidi ya nusu ya kioo. Faili moja, GB 21! Jina lake lilikuwa na neno "log". Nikajiambia, aha, kumbe ni logi tu. Logi si ni shajara ya mashine? Nani husoma shajara ya mashine? Mfumo ukakataa nisiifute kwa sababu ilikuwa inatumika. Nikaizima huduma ya hifadhidata, nikaifuta faili moja kwa moja bila kupitia kapu la taka, kisha nikawasha huduma tena.

Hifadhidata ikakataa kufunguka.

Wanaojua hifadhidata wameshashika kichwa. Logi ile haikuwa shajara. Ni humo ndimo hifadhidata huandika kila muamala kabla ya kuupeleka kwenye faili ya data. Ukiiondoa kwa nguvu, faili ya data inabaki kama kitabu cha hesabu kilichochanwa kurasa. Dawa sahihi ilikuwa kuchukua nakala ya akiba ya logi yenyewe, ambayo huruhusu nafasi ya ndani itumike upya, kisha kuipunguza. Kazi ya nusu saa hivi.

Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya siku 9 nyuma. Kwa hiyo mimi na mhasibu, mama mmoja mtaratibu sana, tulikaa usiku 3 tukiingiza upya mauzo ya siku 9 kutoka kwenye nakala za kaboni za risiti. Yeye anasoma, mimi naandika. Hakunigombeza hata mara moja, na afadhali angenigombeza. Usiku wa kwanza, katikati ya risiti za misumari, aliinua miwani akaniuliza: "Kwani mwanangu, ile faili kubwa ulidhani ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua ukubwa wake mpaka baiti ya mwisho, lakini kwamba ni ya nani sikuwahi kujiuliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia zana hizi zilitoka wapi, na nimegundua kwamba historia yake yote ni ya maswali hayo mawili: kikubwa kiko wapi, na je, ni cha nani?

Amri za herufi mbili

Diski yenyewe ilianza mwaka 1956. IBM ilitoa mashine ya RAMAC iliyokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Kwa kipimo cha leo hiyo haitoshi wimbo mmoja wa MP3 wenye sauti nzuri.

Lakini zana tunazozitumia mpaka leo zina asili yake katika maabara ya Bell, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza Unix. Mashine yao ya PDP-11 ya mwaka 1971 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya kilobaiti 512. Hebu fikiria: diski nzima ni ndogo kuliko picha moja unayopiga kwa simu. Na haikuwa ya kuchezea. Ofisi ya hataza ya Bell ilikuwa inapigia chapa maombi yake kwenye mashine hiyo hiyo.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mwongozo wa kwanza kabisa wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, tayari ulikuwa na amri mbili za nafasi. Ya kwanza ni df, inayokuambia nafasi iliyobaki. Ya pili ni du, inayopita folda moja baada ya nyingine, inashuka mpaka chini kabisa, inajumlisha, na kukupa hesabu ya kila folda. Zaidi ya miaka 50 baadaye, ukifungua mashine ya Linux au ya Mac ukaandika du, itafanya kazi ile ile.

Kuna jambo dogo katika du ya zamani ambalo napenda kuwaonyesha vijana ninaowafundisha. Katika Unix faili moja inaweza kuwa na majina mawili au zaidi, katika folda tofauti. Ukiihesabu kila unapokutana na jina lake utapata jumla ya uongo. Miongozo ya mwanzo ya Unix ilieleza wazi kwamba faili yenye viungo viwili huhesabiwa mara moja tu. Maana yake, tangu mwanzo waandishi wake walijua kwamba kuhesabu nafasi si kujumlisha tu. Kumbuka hili, tutalirudia.

Hata kipimo chenyewe kilileta ugomvi. Unix ya zamani ilihesabu kwa bloku za baiti 512. Viwango vya POSIX vikashikilia kipimo hicho hicho. Richard Stallman na wenzake wa mradi wa GNU waliona huo ni upuuzi, kwani nani huwaza kwa vipande vya baiti 512? Wakatumia baiti 1024, na kwa anayetaka ya POSIX wakaweka kigezo maalumu cha kuwasha. Jina la kwanza la kigezo hicho lilikuwa la kejeli kiasi kwamba siwezi kuliandika hapa, watoto husoma. Baadaye kikaitwa POSIXLY_CORRECT, na bado kipo.

Enzi ya DOS, na baiti zilizopotea hewani

Upande wa tarakilishi za mezani mambo yalichelewa. IBM PC ya kwanza ya mwaka 1981 ilitumia disketi, na disketi ikijaa unatoa, unaweka nyingine, basi. Mwaka 1983 ikaja PC XT yenye diski ya MB 10, pamoja na DOS 2.0 iliyoleta folda ndani ya folda. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kupotelewa na vitu ndani ya mashine zao wenyewe. DOS ilikuwa na DIR ya kuorodhesha na CHKDSK ya kukagua, lakini haikuwa na amri ya kuuliza folda hii pamoja na watoto na wajukuu wake inakula kiasi gani.

Na watu walikuwa wanafuta kwa kubahatisha. Peter Norton, ambaye jina lake lilikuja kujulikana kote, mwaka 1982 alifuta faili kwa bahati mbaya. Badala ya kuiandika upya, akaandika programu ya kuirudisha, na kutokana na hiyo zikazaliwa Norton Utilities. Kwa maneno mengine, moja ya biashara kubwa za programu za miaka ile ilijengwa juu ya majuto ya watu waliofuta kitu ambacho hawakupaswa kukifuta. Nilipolisoma hilo baada ya kisa changu, nilijisikia nafuu kidogo.

Kisha kukawa na tatizo lisiloonekana. Mfumo wa FAT16 ungeweza kuhesabu vipande elfu 65 na kidogo tu katika diski nzima. Diski zilivyokua, vipande navyo ikabidi vikue. Kwenye diski ya GB 2, kipande kimoja kilikuwa kilobaiti 32, na faili haiwezi kuchukua chini ya kipande kimoja. Ukiwa na faili ya baiti moja, inakalia kilobaiti 32. Piga hesabu: faili ndogo 5,000 za kilobaiti moja moja ni kama MB 5 za maandishi, lakini diskini zinakalia zaidi ya MB 150! Ni kama matatu ya abiria 14 inayoondoka na mtu mmoja, kisha nyingine na mtu mmoja, na nyingine, halafu unashangaa barabara imejaa.

FAT32, iliyokuja mwaka 1996, ilipunguza kipande hadi kilobaiti 4 kwenye diski za kawaida za wakati ule. Lakini ndiyo maana hadi leo ukibofya faili katika Windows ukaangalia sifa zake utaona namba mbili, ukubwa wa faili na ukubwa wake ndani ya diski. Wengi hudhani ni kosa, kumbe zote mbili ni za kweli.

Watu 14, megabaiti 80

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kulikuwa na maabara ya profesa Ben Shneiderman iliyochunguza jinsi watu wanavyotumia tarakilishi. Maabara ilikuwa na diski ya MB 80, na watu 14 waliitumia kwa pamoja. Diski ikajaa, kama zinavyojaa diski zote. Ikawa vigumu kujua nafasi imeenda wapi, faili kubwa za kufutwa ni zipi, na hata ni mtumiaji gani kati ya wale 14 ameshika sehemu kubwa.

Angalieni vizuri: profesa yule alikuwa anauliza swali la mama wa Nakuru. Diski ni ya watu 14, na yeye anataka kujua kila sehemu ni ya nani.

Kuorodhesha kwa namba kulimchosha. Kuchora mti wa matawi, kila folda na mstari kuelekea watoto wake, kulimaliza kioo chote kabla hata hajafika mbali. Akatafuta umbo ambalo litatosha kwenye kioo daima, hata folda ziwe ngapi. Wazo lilimjia akiwa katika chumba cha mapumziko cha walimu: chukua kioo chote, kigawe kwa mistari ya wima kulingana na ukubwa wa folda za juu. Kisha kila kipande kigawe kwa mistari ya mlalo kulingana na ukubwa wa yaliyomo. Kisha wima tena. Endelea hivyo mpaka ufike kwenye faili. Alitumia siku chache kujiridhisha kwamba njia hiyo haitakwama, na mwishowe kanuni nzima ikaenea katika mistari 6.

Akaiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya ramani ya mti. Mimi hapa nitaiita ramani-mti. Mwanafunzi wake Brian Johnson akaandika programu ya TreeViz, na makala yao ya pamoja ikatoka mwaka 1991.

Uzuri wa ramani-mti ni huu: unaona diski yote kwa mara moja, na kikubwa hakiwezi kujificha. Katika orodha, faili ya GB 21 ni mstari mmoja sawa na faili ya baiti 10. Katika ramani-mti, ile ya GB 21 inakukodolea macho. Wazo lenyewe lilienda mbali kuliko diski. Mwaka 1998 Martin Wattenberg alilitumia kuonyesha soko la hisa la Marekani, na Excel ya 2016 ina ramani-mti miongoni mwa michoro yake. Wengi wanaoichora leo kwa ripoti za mauzo hawajui kwamba ilizaliwa na diski iliyojaa.

Mito ya Uholanzi na mbuyu wa GNOME

Ramani-mti ya kwanza ilikuwa na kasoro. Kugawa wima na mlalo kulizaa mistatili myembamba kama njiti za kiberiti, na jicho la mtu haliwezi kulinganisha njiti na mraba. Pia mipaka ya folda ilipotea; usingejua faili hii iko chini ya folda ipi.

Waliotibu hayo ni watafiti wa Eindhoven, Uholanzi. Mwaka 1999 Jarke van Wijk na Huub van de Wetering walionyesha jinsi ya kutia kivuli kila mstatili ili uonekane umefura kama mto wa kulalia, na mito midogo ikae juu ya mito mikubwa. Hivyo jicho linaona folda bila kuchorewa mpaka. Mwaka uliofuata van Wijk na wenzake Mark Bruls na Kees Huizing wakatoa njia ya kugawa ili mistatili ikaribie kuwa miraba. Chuo chao kikatoa programu ya bure kwa Windows, SequoiaView, iliyopewa jina la mti mkubwa wa Marekani.

Kutoka hapo mbio zikaanza. Kwenye Linux, Mjerumani Stefan Hundhammer aliandika KDirStat. Iliwavutia waliotengeneza WinDirStat ya Windows, iliyotoka mwaka 2003 kwa mkono wa Bernhard Seifert. Kama uliwahi kuitumia utakumbuka vidude vya manjano vya Pac-Man vikienda na kurudi wakati inasoma folda, na rangi kwa kila aina ya faili. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo Nakuru. Wenye Mac walipata Disk Inventory X na GrandPerspective. Wengine waliacha mistatili wakachora duara, folda za juu katikati na watoto wake wakizunguka nje kama pete. Filelight ilifanya hivyo, na vilevile programu ya GNOME iliyoanzishwa na Fabio Marzocca.

Na hiyo ya GNOME, mnajua inaitwaje? Baobab. Yaani mbuyu! Sisi wenye mibuyu tangu Malindi hadi Lamu tunajua kabisa kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Logi yangu ya GB 21 ilianza na megabaiti moja. Hakuna aliyeiangalia ilipokuwa mchicha.

Namba zisipokubaliana

Hapa ndipo wasanidi wenzangu huja kuniuliza wakiwa na jasho. Wameandika df, inasema diski imejaa asilimia 100. Wameandika du, jumla ni nusu ya diski. Nusu nyingine iko wapi? Je, du inadanganya?

Hapana. Katika Unix, kufuta faili ni kufuta jina lake tu. Kama kuna programu bado imeifungua, data inabaki pale pale mpaka programu hiyo iifunge. Kwa hiyo unafuta logi kubwa ya seva ya tovuti, jina linatoweka, du inayopita kwa majina haiioni tena, lakini df inayohesabu bloku inaona bado imekaliwa. Faili haina jina lakini ina mwenyewe! Amri ya lsof, iliyoandikwa na Vic Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue, itakuonyesha ni programu ipi inayoishikilia. Ianzishe upya programu hiyo, na nafasi inarudi.

Sababu nyingine ni akiba. Mifumo ya faili ya BSD ya miaka ya 1980 iliacha kiasi cha diski wazi, kwa kuwa diski iliyojaa kabisa hufanya kazi polepole. Mfumo wa ext2 wa Linux, na watoto wake ext3 na ext4, kwa kawaida huweka kando asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi. Kwenye diski ya MB 500 hiyo ni MB 25, si kitu. Kwenye diski ya TB 2 ni GB 100! Waliopanga asilimia hiyo hawakuwa na makosa. Diski ndizo zilizokua.

Windows nayo ina mtego wake. Folda ya WinSxS huonekana kubwa ajabu ukiipima kwa Explorer, na watu wengi wameharibu mashine zao kwa kuifuta. Sehemu kubwa ya faili zilizomo ni zile zile za mfumo, zenye majina mawili, na Explorer huzihesabu mara mbili. Je, unakumbuka du ya 1971 na faili yenye viungo viwili? Jambo lililotatuliwa kwenye mashine ya kilobaiti 512 limetusumbua tena kwenye mashine za gigabaiti.

Na hata kabla hujaanza, unaweza kudhani umeibiwa. Unanunua diski ya GB 80, Windows inasema 74.5. Hakuna mwizi. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilileta majina mapya, kama gibibaiti, ili kumaliza utata huo, lakini majina hayo hayajawahi kupendwa. Apple ilihamia kuhesabu kwa 1000 mwaka 2009. Windows imebaki na 1024.

Kutoka dakika 20 hadi sekunde 5

Zana za zamani zilikuwa polepole kwa sababu zilibisha hodi kila folda, moja baada ya nyingine. Diski ya kuzunguka yenye faili laki tano ilikupa nafasi ya kunywa chai na mandazi na kurudi. Lakini NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, ina rejista moja kuu inayoorodhesha kila faili na ukubwa wake. Programu kama WizTree husoma rejista hiyo moja kwa moja bila kubisha hodi popote, na jibu linakuja kwa sekunde chache. Kwenye seva zisizo na picha, Yoran Heling alitupa ncdu mwaka 2007: ni du ile ile, lakini unaweza kutembea ndani yake kwa vishale vya kibodi. Mimi naitumia karibu kila wiki.

Siku hizi swali limehamia mfukoni. Ndugu na jamaa hawaniletei tena tarakilishi, wananiletea simu. "Simu inasema imejaa, na mimi sina kitu." Unafungua, unakuta maelfu ya picha za maua zilizoandikwa habari za asubuhi. Mwaka 2020 WhatsApp iliboresha sehemu yake ya kusimamia hifadhi, na ikafanya jambo ambalo mimi naona ni la maana: pamoja na kuonyesha faili kubwa zaidi ya MB 5, inatenga zile zilizosambazwa mara nyingi. Yaani haiangalii ukubwa tu. Inadokeza asili ya kitu: hiki kimepita mikononi mwa watu wengi, huenda si chako wala hukihitaji. Video ya harusi ya dada yako ni kubwa kuliko maua yote yale, lakini dada ni wako.

Kabla hujafuta

Nikiitazama safari hii yote, naona tumeshinda kabisa katika swali la kwanza. Kikubwa kiko wapi? Mwaka 1971 tulipewa namba, 1990 tukapewa picha, na leo tunajibiwa kabla hatujavuta pumzi. Swali la pili, ni cha nani na nani atalia kikiondoka, bado hakuna mstatili wala duara linalolijibu. Tena kadiri zana inavyokuwa ya haraka na ya kupendeza, ndivyo ilivyo rahisi kufuta kabla ya kuuliza. Laiti ningepaswa kuitafuta ile logi kwa mkono, folda kwa folda, pengine ningekuwa nimesoma jina lake vizuri.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni, na ninawapa bure:

1. Uliza ni programu gani iliyoiumba faili hiyo. Kama hujui, usiiguse.
2. Kama mfumo unakataa kuifuta kwa sababu inatumika, huo si ukaidi. Ni jibu la swali lako.
3. Mwache mwenye faili apunguze mwenyewe. Hifadhidata ina njia yake ya kupunguza logi, Windows ina chombo chake cha kusafisha, na WhatsApp ina yake.
4. Hamisha kwanza, futa baadaye. Weka kwenye diski ya nje, kaa wiki mbili. Asipolia mtu, futa.
5. Angalia tarehe ya nakala yako ya akiba kabla, si baada.

Duka lile la Nakuru liliendelea kunipa kazi kwa miaka kadhaa baadaye, jambo ambalo sikulistahili. Nakala ya akiba ikawa inachukuliwa kila jioni, na logi pamoja nayo. Yule mama alitaka nimwonyeshe ile picha ya mistatili. Nikamfungulia, akaitazama kwa muda, kisha akaanza kuninyooshea kidole: "Hii ya nani? Na hii? Na hii hapa?" Safari hiyo nilimjibu zote isipokuwa moja. Hiyo moja hatukuifuta.

Haya, kwa leo naishia hapo. Mkimaliza kusoma, nendeni mkaangalie mbuyu wenu una ukubwa gani, lakini msikate tawi bado.